Katazo la Miligramu na Katazo la Miaka

Ramadhani iliyopita nilifuturu siku moja kwa shangazi yangu, Tanga. Mkekani palikuwa na tende, bakuli la shurba ya ngano, sinia la mihogo na magimbi ya nazi, kaimati zinazong'aa kwa shira, na tambi za sukari. Shangazi alifungua kwa tende tatu na maji, kisha akatulia akiangalia. Miaka kadhaa nyuma, alipokuwa kwa mwanawe Uingereza, aligundulika ana ugonjwa wa siliaki. Hazikupita siku nyingi moyo nao ukamshtua. Akarudi nyumbani na karatasi mbili za ushauri wa chakula. Ya kwanza inamkataza ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Ya pili, ya moyo, inamhimiza nafaka zisizokobolewa, na mifano iliyotajwa ni mkate wa ngano nzima, oti na shayiri. Halafu inamwambia apunguze nazi.

Kwa hiyo shurba, ambayo karatasi ya moyo ingeisifu, ni sumu kwa utumbo wake. Mihogo ya nazi, isiyoudhuru utumbo hata chembe, ndiyo inayolaumiwa kwenye karatasi ya pili. "Sasa mwanangu," aliniuliza, "nile karatasi?"

Swali lake nimekaa nalo muda mrefu. Mtu mwenye maradhi zaidi ya moja huyabeba makatazo yake yote katika kikapu kimoja: usile hiki, usile kile, na kile kingine pia. Nadhani taabu inaanzia hapo, kwa sababu makatazo hayo hayana tabia moja. La siliaki linahesabu miligramu. La moyo linahesabu miaka. La figo linasubiri majibu ya maabara, na la dawa ya kuzuia damu kuganda linachotaka ni mazoea yasiyobadilika tu. Ukiyachukulia sawasawa, utaogopa kijiko cha tui kama unavyoogopa chembe ya mkate, na siku utakapochoka utayalegeza yote kwa mpigo mmoja.

Tuanze na lililo kali zaidi. Siliaki si mzio wa kawaida, wala si tumbo kukataa chakula fulani. Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe kila inapokutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijinyweleo vinavyofyonza chakula; kinga hiyo huvishambulia mpaka vinasinyaa, na mtu anaweza kula akashiba huku madini ya chuma, asidi ya foliki na kalisi vikipita bila kuingia mwilini. Ndiyo maana wagonjwa wengine hawaharishi kabisa. Wanachokuwa nacho ni upungufu wa damu usiosikia vidonge, au mifupa inayovunjika kabla ya umri wake.

Kwamba mhalifu ni nafaka, ulimwengu ulichelewa kukubali. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini mwake na watu wakafika hadi kula vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye siliaki, badala ya kudhoofika kama wenzao, walipata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, ndiyo iliyoweka msingi wa matibabu yanayotumika mpaka leo, nayo ni kuacha gluteni. Dawa ya kumeza inayoweza kuchukua nafasi ya mlo huo bado haijaingia katika matibabu ya kawaida.

Kuacha huko kuna kipimo chake. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo, na wataalamu wengi huiweka salama chini ya miligramu 10. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Kigawe mara mia mbili: sehemu moja kati ya hizo ndiyo ruhusa ya siku nzima. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu bidhaa kuitwa isiyo na gluteni ikiwa haizidi miligramu 20 katika kila kilo. Basi katazo hili halina "kidogo tu", halina "leo sikukuu", wala halina "usimvunje moyo mwenyeji". Chekeche lililochekecha unga wa maandazi asubuhi haliwezi kuchekecha unga wa shangazi mchana. Karai lililokaangiwa sambusa halikaangi mihogo yake.

Katazo la moyo lina mwendo mwingine kabisa. Mishipa haizibwi na pilau ya harusi moja. Inaharibiwa polepole, kwa wastani wa kile unachokula juma baada ya juma: mafuta ya kuganda yanayopandisha lehemu mbaya, chumvi inayopandisha presha, sukari na wanga mweupe, na upungufu wa nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, nyuzinyuzi zisipungue gramu 25, na mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote inayotokana na chakula. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 10 ni kama gramu 22. Tarakimu hizi ni za kukadiria. Ukizidisha leo unaweza kupunguza kesho na hesabu ikakaa sawa. Gluteni haikubali biashara hiyo.

Hapa kuna fundo ambalo wengi hawalioni. Siliaki yenyewe inaugusa moyo. Uchambuzi wa takwimu za watu karibu 470,000 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, uliwakuta watu 2,083 wenye siliaki. Kwa wastani walikuwa na uzito mdogo kuliko wenzao, presha ya chini na lehemu ya chini, yaani kwa vipimo vya kawaida walitakiwa wawe na mioyo salama zaidi. Hata hivyo maradhi ya moyo na mishipa yaliwapata kwa asilimia 27 zaidi. Inaelekea uvimbe wa muda mrefu unaotokana na kinga iliyopotoka una mkono wake, ingawa utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha sababu. Kwa mwenye siliaki, basi, kulinda utumbo na kulinda moyo vinaanzia mlango mmoja.

Lakini asije mtu mwenye utumbo mzima akasoma hayo akaenda kutupa chapati zake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wahudumu wa afya wa Marekani zaidi ya 100,000 kwa miaka 26. Kula gluteni nyingi hakukuongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na waandishi wake walionya kwamba asiye na siliaki akiikwepa gluteni anaweza kujinyima nafaka nzima zinazoukinga moyo. Siku hizi kuacha ngano kumekuwa urembo, hata huku kwetu. Ni urembo wa gharama, na moyo haupati chochote.

Gharama hizo ndizo zinazotufikisha dukani. Shangazi aliporudi alikuja na begi zima la mikate, biskuti na unga vyenye alama ya suke lililokatwa kwa mstari. Nilisoma maandishi ya nyuma ya pakiti moja ya mkate: wanga wa mahindi, wanga wa mihogo, unga wa mchele, mafuta ya mawese, sukari, chumvi. Hiyo ndiyo hila ya vyakula hivi. Gluteni ndiyo inayoshikilia mkate usimomonyoke; ukiiondoa, mtengenezaji huziba pengo kwa wanga uliochujwa, mafuta na vitu vya kunatisha. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mara nyingi bidhaa hizi zina protini pungufu kuliko zile zinazoziiga, mafuta na chumvi zaidi, na nyingi hazitiwi madini ya chuma wala asidi ya foliki kama unga wa ngano wa viwandani. Mgonjwa anayepona utumbo huanza kufyonza kila kitu sawasawa, na kama kila kitu chenyewe ni biskuti, mwaka haumaliziki kabla uzito na lehemu havijapanda. Gluteni ameikwepa vizuri. Moyo haukukumbukwa.

Nikamwambia ale vya begi, vikiisha asiagize vingine. Hakuhitaji kushawishiwa sana. Begi lenyewe lilikuwa limemla nauli.

Tofauti na Uholanzi ya Dicke, mkate kwetu ni mgeni. Mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele, mihogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi: vyote havina gluteni tangu shambani. Anayeishi Utrecht akiambiwa aache ngano anabomolewa nyumba. Mtu wa Singida anaambiwa arudi kwa bibi yake. Na nafaka hizi, zikisagwa nzima, zinatimiza kile ambacho karatasi ya moyo ilitaka kupitia mkate wa ngano. Ulezi, au wimbi kama waitavyo Kenya, una kalisi zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, jambo kubwa kwa mtu ambaye mifupa yake ilikuwa inakosa kalisi kwa miaka. Dona lina nyuzinyuzi ambazo sembe limezivua. Kuna dosari: pumba za nafaka hizi zina vitu vinavyoyashika madini yasifyonzwe. Wazee walishaitatua bila maabara, kwa kuchachusha. Uji uliolala na togwa hulegeza vifungo hivyo, na chai ya rangi ikisubiri saa moja baada ya chakula, madini ya chuma hupata nafasi ya kuingia.

Oti nazo tuziseme, maana hapo Kiswahili chenyewe kinaweza kumtia mtu hatarini. Makala nyingi za afya hutafsiri oti kuwa "shayiri", na hiyo hiyo shayiri ndiyo nafaka iliyokatazwa, ile inayotengenezewa bia. Oti ni mmea mwingine. Nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka, gramu 3 kwa siku, ambazo ni kama gramu 70 za oti kavu, hushusha lehemu mbaya. Wengi wenye siliaki wanazimudu, ili mradi pakiti iwe imeandikwa wazi kuwa haina gluteni, kwa sababu oti za kawaida huchanganyika na ngano mashambani na viwandani. Wachache utumbo wao hauzitaki hata zikiwa safi. Asiyezipata asihuzunike. Utelezi wa bamia na mlenda ni nyuzinyuzi za namna hiyo hiyo, na zimo pia katika kunde, mbaazi, choroko na maharage. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio kadhaa ulionyesha kwamba kibakuli kimoja cha vyakula vya jamii ya kunde kwa siku hushusha lehemu mbaya kwa asilimia 5 hivi. Kidogo, ndiyo, lakini katika hesabu ya miaka kidogo hicho kina maana.

Nisije nikalisifu jiko letu kupita kiasi. Kuna mahali lina kesi ya kujibu.

Nazi kwanza. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya kuganda, na kikombe kimoja cha kasimile kinaweza kufikia karibu mara mbili ya zile gramu 22 za siku. Najua watakaosema wazee wetu walikula nazi wakaishi miaka tisini. Wazee hao walilima, walivua, walitembea, na nyama waliiona Idi hadi Idi. Sisi tunaongeza kasimile juu ya kuku wa kukaanga na soda. Hata hivyo, kwa kuwa katazo hili ni la wastani, pana nafasi ya kujadiliana nalo: tui la pili badala ya la kwanza, siku mbili kwa juma badala ya saba, na magimbi mengine yachemshwe kwa nyanya, bizari na ndimu. Shangazi alikubali yote isipokuwa ndimu kwenye magimbi. Alisema huko ni kukosa adabu.

Chumvi ni ya pili. Ng'onda na dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi ni samaki wazuri walioharibiwa na ukarimu. Waloweke, umwage maji, urudie tena. Afadhali vibua wabichi, wenye mafuta yale yanayoufaa moyo na bei isiyomtisha mtu. Kuhusu mchele mweupe sina la kusema refu: nusu ya sahani iwe kunde na mboga, wali ukae pembeni.

Halafu kuna chakula cha barabarani, ambacho kinadanganya. Bhajia za dengu zingekuwa salama, lakini wapo wanaotia ngano kidogo zishikane. Viazi karai vimevikwa unga wa ngano. Urojo wa Unguja, pamoja na ukwaju na embe lake, uzito wa mchuzi wake ni unga wa ngano. Vitumbua vya mchele mtupu ni halali yako, mpaka muuzaji akuambie ametia "unga kijiko kimoja vivimbe". Mishikaki ikilowekwa kwenye sosi ya soya imeshaingia ngano. Kinachonifurahisha ni kwamba hapa makatazo mawili, yaliyogombana pale futarini, yanapatana: soseji, vikolezo vya pakiti, maandazi, sosi ya soya, vya kukaangwa kwenye mafuta ya juzi, vyote vinakataliwa na utumbo na moyo kwa pamoja. Ugomvi wa kweli kati ya karatasi zile mbili ni mdogo kuliko unavyoonekana. Umebanwa kwenye mistari michache: ngano nzima, shayiri, nazi.

Hatari kubwa zaidi niliiona mahali ambapo sikuitarajia, mashineni. Tulipeleka ulezi uliooshwa na kukaushwa vizuri. Kabla yetu kulikuwa na mama na ndoo ya lishe.

"Shikamoo mama," kijana wa mashine alimwamkia shangazi. "Karibu, mimina hapo."

"Marahaba. Huyu aliyetangulia, lishe yake ina nini?"

"Mahindi, soya, karanga, ulezi, na ngano kidogo. Ile nzuri."

Shangazi alifunga mfuko wake. Kijana akasema angeipiga mashine upepo, angemwaga kilo ya kwanza, angefanya vyovyote apendavyo mama. Alikuwa na heshima zote. Lakini unga unaobaki kwenye kinu cha mashine hauhesabiki kwa macho, na katazo la miligramu haliridhiki na upepo. Tangu hapo ulezi wa shangazi husagwa nyumbani kwa kimashine kidogo, vikombe viwili kwa wakati mmoja. Sifikirii kila mtu anaweza kufanya hivyo. Wanawake wanne au watano wenye hitaji moja wangeweza kumwendea mwenye mashine wakamwomba siku moja ya juma isiyo na ngano, baada ya usafi kamili. Sijawahi kuona limefanyika, ila sioni linaloshindikana.

Mwenye maradhi mawili mara nyingi hupata la tatu. Kisukari cha aina ya kwanza na siliaki vina udugu wa vinasaba, na karibu watu 6 kati ya 100 wenye kisukari hicho huwa na siliaki pia. Kwao wanga mweupe wa mikate ya dukani ni adui mara mbili. Maziwa ni kisa kingine: kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vijinyweleo, kwa hiyo utumbo ulioharibika huyakataa maziwa kwa muda, kisha baadhi ya watu huyarudia wakipona. Wengi wetu tusio wa ukoo wa wafugaji tungeyakataa vilevile ukubwani, siliaki au bila siliaki. Mtindi hupita kwa urahisi zaidi, na usio na sukari wala malai mengi unakubaliwa hata na moyo.

Dawa ya warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, ina katazo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu huambiwa mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K, wakaviacha kabisa, na nyuzinyuzi zao zikaondoka navyo. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile kila juma, ili daktari apime dozi juu ya mazoea hayo. Anayekula fungu la mchicha kila siku aendelee. Anayekaa mwezi bila mboga kisha akala sufuria nzima ndiye anayejitafutia matatizo.

Figo ndizo zinazogeuza meza. Potasiamu ya ndizi, viazi na maharage hushusha presha, na moyo unaipenda. Mwaka 2021 yalichapishwa majaribio kutoka vijiji 600 vya China, ambako watu wapatao 21,000 walishiriki. Waliotumia chumvi iliyochanganywa robo yake na potasiamu walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu. Chumvi hiyo hiyo, kwa mtu ambaye figo zake zimechoka au anayemeza baadhi ya dawa za presha na moyo, inaweza kulisimamisha pigo la moyo. Hapa hakuna kanuni ya jumla ya kumpa msomaji. Kuna majibu ya damu ya mtu fulani, ya mwezi fulani. Kama potasiamu yake iko sawa, kumnyima maharage ni kumwonea. Kama imepanda, viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji yamwagwe.

Mpangilio wangu, basi, wa kuyapanga makatazo, ni huu: la miligramu lisimame peke yake, halina mjadala, la maabara lifuate vipimo vipya na lisiishi kwa hofu ya vipimo vya mwaka juzi, la miaka ndilo lijadiliwe kwenye sahani, siku hadi siku, na ndilo lipewe ruhusa ya kula harusini. Mtu akijua katazo gani ni la namna gani, hofu yake hupungua ukubwa.

Neno kwa anayejishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta silaha ambazo kinga imezitengeneza dhidi ya utumbo, na ukiacha gluteni silaha hizo hupungua, majibu yakatoka safi ilhali ugonjwa upo. Huku kwetu kuharisha kwa muda mrefu hufikiriwa kwanza minyoo au amiba, na mara nyingi ni sahihi kufikiria hivyo. Lakini siliaki si ugonjwa wa Wazungu. Inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya mia duniani, na kiwango cha juu kabisa kuwahi kuripotiwa, asilimia 5.6, kilipimwa Afrika, kwa watoto wa Kisahrawi, jamii ambayo ngano imechukua nafasi ya chakula chake cha zamani. Sisi nasi chapati, mkate na tambi vinazidi kuingia nyumbani mwetu mwaka hadi mwaka.

Desturi nazo zina makali yake. Mkatoliki mwenye siliaki hukuta hostia ni ya ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, ila ya gluteni kidogo inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Kwetu Waislamu jaribu ni ukarimu. Ukikataa kaimati ya jirani umekataa mkono wake.

Jioni ile futarini, shangazi alipewa sahani yake: mihogo ya tui la pili, mbaazi, kipande cha kibua cha kuchoma, na bakuli dogo la uji wa ulezi. Mjukuu wake wa miaka minne alimsogelea na kaimati mkononi, akataka kuichovya kwenye uji wa bibi. Shangazi aliliinua bakuli juu, kichwani kabisa, kama mtu avukaye mto. Kwa mkono wa pili akamkatia kipande cha muhogo.